Hukwe Zawose: Mwalimu wa muziki wa Bagamoyo ambaye hakuwa na shahada

Kijana wa Igalula anayetaka kusomea ualimu wa muziki ana vyuo vichache vya kuchagua. Kabla ya kujaza fomu, yafaa ayajue maisha ya Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba kutoka Ugogo ambaye Tanzania ilimpa kazi ya kufundisha chuoni kwa sababu ya kile mikono yake ilichokijua.

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mazungumzo katika nyumba nyingi za Igalula hayatofautiani sana na yale ya Tabora mjini au Nzega. Uuguzi, uhasibu, sheria, ualimu wa sayansi. Kijana akisema anataka kusomea ualimu wa muziki, wazazi hutazamana kwanza. Mmoja huuliza kama muziki nao unasomewa mpaka shahada. Mwingine huuliza swali gumu zaidi: akishaipata hiyo shahada, atapangiwa shule gani, na huko shuleni atafundishia nini?

Swali hilo la pili si la kubeza. Shule nyingi za sekondari nchini hazina piano wala gitaa, na nyingine hazina hata chumba cha mazoezi ya kwaya. Shule zinazofundisha muziki kama somo la mtihani ni chache. Mwalimu aliyekaa miaka mitatu mbele ya kinanda cha umeme, kisha akapelekwa shule ya kata ndani ya Wilaya ya Uyui, anaweza kujikuta ana chaki na sauti yake tu.

Zawose aliishi upande wa pili wa swali hilo. Hakuupata ujuzi wake darasani, na vyombo alivyovitumia vilitengenezwa kwa mbao, vibuyu, ngozi na vipande vya chuma. Hata hivyo alipofariki tarehe 30 Desemba 2003, alikuwa mmoja wa wanamuziki wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani, na vijana wengi walikuwa wamejifunza kupiga na kucheza kwa kukaa mbele yake.

Kutoka Igalula hadi nyumbani kwa Zawose

Igalula ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Treni inayotoka hapo kwenda Dar es Salaam huvuka kwanza nchi kame ya miti mifupi ambayo wasafiri wa zamani waliiita Mgunda Mkali, halafu huingia Ugogo kupitia Manyoni na kufika Dodoma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 wakati wa Wajerumani, lakini kwa sehemu kubwa ilifuata upande ule ule ambao misafara ilikuwa ikipita tangu zamani, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji.

Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mbele alitangulia kirangozi na nyuma yake ukafuata mstari mrefu wa watu waliobeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na waya. Walitembea kwa nyimbo, maana mzigo mzito huhitaji hatua moja, na hatua moja huhitaji wimbo mmoja. Wakifika Ugogo walisimama. Maji yalikuwa machache, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kabla ya kuruhusu msafara kunywa na kupita. Wafanyabiashara wa pwani na Wazungu waliopita njia hiyo waliilalamikia sana hongo hiyo. Mgogo mwenye kisima chake aliiona kuwa bei ya haki.

Jambo moja kwenye historia hii halisemwi mara nyingi. Watu wa Unyamwezi na watu wa Ugogo wamesikiana wakiimba kwa vizazi vingi, muda mrefu kabla ya redio. Kwa hiyo kijana wa Igalula anaposoma habari za Zawose hasomi habari za mtu wa mbali. Anasoma habari za jirani wa njiani.

Zawose alizaliwa lini na wapi?

Alizaliwa katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma. Kumbukumbu nyingi hutaja mwaka 1938, nyingine 1940. Kwa mtoto wa wafugaji wa wakati huo, mwaka wa kuzaliwa ulikuwa jambo la kukadiria kwa kukumbuka njaa au mvua.

Utotoni alichunga ng'ombe. Wachungaji wengi wa Ugogo wameanzia muziki hapo hapo machungani: siku ni ndefu, hakuna wa kukukataza kupaza sauti, na ng'ombe hawachoki kusikiliza. Alikulia katika ukoo wa wanamuziki, akajifunza kuimba, kupiga zeze na kupiga ilimba kwa kuwatazama wakubwa. Sauti yake ilikuja kuwa ya ajabu. Ilikuwa na uwezo wa kushuka mpaka mngurumo wa kifuani, kisha ikaruka juu hadi ikawa nyembamba kama ya mtoto au ya filimbi, ndani ya wimbo huo huo na bila kukatika.

Muziki wa Wagogo una tabia ambayo mwanafunzi yeyote wa muziki angepaswa kuisikia mapema. Watu huimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na njia yake, na sauti hizo hukubaliana. Wamisionari walipokuja na vitabu vya nyimbo zenye sauti nne hawakuwaletea Wagogo jambo geni. Kuimba kwa kupatanisha sauti kulikuwapo kwenye ngoma za jando, za mavuno na za kuomba mvua. Wanawake walikuwa na ngoma yao ya muheme, wakipiga ngoma ndefu zilizobanwa katikati ya miguu. Wanaume walishika zeze na ilimba.

Ilimba ni chombo gani?

Wengi huiita marimba ya mkono. Ni ubao uliowekwa juu ya kisanduku cha mbao, na juu yake zimepangwa fito bapa za chuma zilizobanwa kwa chuma kingine cha kukingama. Mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuzibonyeza fito hizo kwa vidole gumba. Ndogo ina fito chache. Zile alizozipenda Zawose zilikuwa kubwa, zenye fito nyingi sana, na mpigaji huketi nazo mapajani.

Si fito zote hupigwa. Nyingine zimewekwa ili zitetemeke zenyewe jirani yake inapoguswa, kama vile chombo cha kabatini kinavyolia lori likipita barabarani. Kisha kwenye kisanduku kuna tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaotumia kufunika mayai yake. Utando huo hutetemeka na kutoa mvumo mwembamba unaoambatana na kila sauti. Fundi wa studio asiyeijua ilimba anaweza kudhani spika imeharibika. Mgogo akikosa mvumo huo huona kwamba chombo hakijakamilika.

Zeze nalo ni ubao mrefu wenye kisanduku au kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi kadhaa, na uta mdogo wa kusugulia. Zawose alikuwa na uwezo wa kulisugua zeze, kuimba, na kukanyaga chini kwa miguu iliyofungwa njuga, vyote kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine linalohusu moja kwa moja mwalimu wa muziki wa kesho, nalo ni mpangilio wa sauti. Chukua bomba lisilo na matundu ya vidole, ulipulize taratibu, kisha kwa nguvu zaidi na zaidi. Sauti haitapanda kidogo kidogo. Itaruka kwa ngazi zake yenyewe, ambazo hakuna mtu aliyezitunga. Muziki wa Wagogo hukaa karibu sana na ngazi hizo za asili. Moja kati yake haipatikani kwenye piano, kwa kuwa huangukia katikati ya vibao viwili, karibu na kimoja lakini chini yake kidogo. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa piano peke yake atasikia ilimba na kusema imelegea, inahitaji kukazwa. Mwalimu wa namna hiyo akiingia darasani Dodoma atawaambia watoto kwamba bibi zao huimba vibaya, na watamwamini kwa sababu ndiye aliyesoma.

Alifikaje Dar es Salaam?

Mwaka mmoja baada ya uhuru, Desemba 1962, Julius Nyerere aliapishwa kuwa rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Siku hiyo alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za Ulaya na hawakuzijua ngoma za kwao. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa shule ya serikali ya Tabora, kwa hiyo alijua vizuri elimu ya kikoloni ilimfundisha kijana wa Kiafrika kuheshimu nini na kusahau nini.

Kutokana na mwelekeo huo likaundwa kundi la ngoma la taifa. Vijana wa sarakasi wakapelekwa kujifunza China. Watu wenye vipaji vijijini wakatafutwa na kuletwa mjini. Wasikilizaji wa zamani wa redio watamkumbuka Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, ambaye mlio wa ngoma zake uliitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania kwa miaka mingi. Zawose alikuwa wa kizazi hicho. Nyerere alimwalika kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam, naye akaingia katika kundi la taifa.

Maisha hayo yalikuwa na pande mbili. Kundi lilipiga kwenye sherehe za kitaifa, likawapokea marais wa nchi nyingine na kusafiri nje. Lakini pia liliimba yale ambayo serikali ilitaka yaimbwe: umoja, Ujamaa, sifa za chama na za kiongozi. Zawose alitunga na kuimba nyimbo za namna hiyo, nyingi kwa Kiswahili badala ya Kigogo. Tabora nayo ilikuwa na watu wake wa kazi hiyo. Wengi wa rika la wazazi watalikumbuka kundi la Hiari ya Moyo la Mzee Mwinamila, lililochukua ngoma za Kinyamwezi na kuzipeleka kwenye viwanja vya mikutano ya chama.

Chuo kilichoanza kwa watu, majengo yakafuata

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 uchumi ulikuwa umebanwa, vita na Uganda vilikuwa vimegharimu pesa nyingi, na kundi la taifa likavunjwa. Lingeweza kuishia hapo. Badala yake, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wasanii wa kundi lile wakawa sehemu ya walimu wake. Zawose akahamia Bagamoyo. Huko aliishi na jamaa zake mpaka mwisho wa maisha yake.

Mahali palipochaguliwa pana maana yake. Bagamoyo ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa ile njia ya misafara. Wanyamwezi waliotoka Tabora waliweka mizigo yao chini hapo baada ya kutembea kwa miezi. Ikawa mji mkuu wa Wajerumani, nafasi hiyo ikahamia Dar es Salaam mwaka 1891, reli ikajengwa kutoka bandari nyingine, na Bagamoyo ikabaki na magofu na wavuvi. Miaka 90 baadaye watu wa bara wakaanza kushuka tena pwani, safari hii wamebeba ngoma.

Chuo kilifundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Mwanafunzi hakuruhusiwa kukaa kwenye fani moja na kuzikwepa nyingine. Mchoraji alicheza, mwigizaji alipiga ngoma. Walimu walikuwa wa aina mbili. Walikuwapo waliosoma vyuo vikuu, baadhi yao nje ya nchi, wakifundisha nadharia na kuandika nota. Na walikuwapo kina Zawose.

Ufundishaji wa Zawose haukuwa na ubao. Ilimba hujifunzwa kwa kukaa ukimwelekea mwalimu, au ubavuni kwake ili vidole vyake na vyako vielekee upande mmoja. Mwalimu hupiga kipande kifupi na kukirudia. Mwanafunzi hukifuata, hukosea, hukifuata tena. Mwalimu hasemi sana. Kipande kikishika, mwalimu huingia na kipande kingine kinachopishana na kile cha kwanza, na hapo mwanafunzi hugundua kwamba alichokijifunza kilikuwa nusu tu ya wimbo. Halafu anatakiwa aimbe juu yake. Wengi hukwama hapo kwa wiki nzima: vidole vinakwenda, mdomo unafunguka, vidole vinasimama.

Mwanafunzi aliyejifunza hivyo anaweza pia kujifunza kukitengeneza chombo chenyewe, na hilo ndilo lenye faida kubwa kwa shule isiyo na bajeti. Ubao unapatikana kwa fundi seremala. Chuma ni misumari au waya mnene uliopondwa ukawa bapa. Kuurekebisha mlio ni kusogeza fito mbele au nyuma: ikitokeza ndefu inalia chini, ikiwa fupi inalia juu. Somo la fizikia na somo la muziki hukutana hapo bila gharama.

Sitaki kupamba mambo. Katika ajira ya serikali mshahara hufuata cheti, na fundi wa zeze asiye na cheti cha darasa lolote hukaa chini ya ngazi hiyo hata kama wanafunzi husafiri kutoka bara jingine kuja kumsikiliza. Nchi iliyowaita mafundi hawa kuwa hazina ya taifa haikupata kamwe njia ya kuwalipa kama hazina. Chuo chenyewe kimepita vipindi vya shida ya fedha. Mwaka 2007 kilibadilishwa na kuwa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na mpaka leo kina tamasha lake la kila mwaka.

Kwa nini alikosolewa?

Wapo watafiti na wazee wa Ugogo waliosema kwamba ngoma ikiondolewa kijijini na kuwekwa jukwaani hubaki ganda. Ngoma ya jando ina siku yake, ina watu wanaoruhusiwa kuiona, na inaweza kuendelea mpaka alfajiri. Kwenye jukwaa la kundi la taifa ilipewa dakika chache, ikapangwa mistari mitatu inayotabasamu, kisha ikafuatwa na ngoma ya kabila lingine. Aidha, nyimbo za kusifu chama zilizeeka haraka kuliko nyimbo za mvua.

Lawama hiyo ina ukweli. Lakini mtu mwadilifu atakumbuka pia kwamba Zawose hakuacha kuimba Kigogo, wala hakuibadili ilimba ili ifanane na piano apate kupiga na wenye magitaa. Aliikuza, akaiongezea fito, akatunga nyimbo mpya juu yake. Wimbo mpya kwenye chombo cha babu ni kazi ya mtunzi, na Zawose alikuwa mtunzi. Mkosoaji anayemtaka abaki kama alivyokuwa machungani anamtaka awe kitu cha makumbusho.

Safari za nje

Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri sana, kwanza na wenzake wa chuo, baadaye na ndugu zake. Albamu ya Tanzania Yetu ilitolewa Uingereza. Wajapani walimrekodi na kumwalika mara nyingi, na baadhi ya vijana wao walimfuata Bagamoyo kujifunza. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoka albamu ya Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya twende. Ikafuata Mkuki wa Rocho, na Assembly aliyoshirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walitangulia jukwaani katika ziara ya Peter Gabriel huko Marekani, mbele ya kumbi zilizojaa watu ambao wengi wao hawakuwahi kusikia neno Dodoma.

Nyumbani, redio zilikuwa zimehamia kwenye muziki wa kizazi kipya. Wapo Watanzania waliolisikia jina la Zawose kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.

Tukirudi kwenye fomu ya chuo

Kijana wa Igalula anayetaka shahada hataipata TaSUBa, ambayo hutoa cheti na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960 na muziki tangu miaka ya 1970, na mwanafunzi wa ualimu anaweza kuchukua muziki kuwa somo lake la kufundishia. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Usa River mkoani Arusha, ni cha Kilutheri na kina idara ya muziki yenye nguvu, ambako kwaya na ngoma za asili huenda pamoja. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo kwa ngazi ya stashahada, na kwa mtu wa Tabora ndicho kilicho karibu zaidi. Nje ya mipaka wapo Makerere na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa familia zenye uwezo wa gharama hizo. Masharti ya kujiunga hubadilika, hivyo mwongozo wa mwaka husika wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndio wa kufuata, si maneno ya kaka aliyemaliza zamani.

Watu wengi wakichagua chuo huangalia jina, ada na umbali. Hayo ni ya lazima. Lakini kwa muziki ningeongeza maswali ambayo hayaonekani kwenye tovuti za vyuo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hushika chombo mara ngapi kwa wiki, na hushika kipi? Kuna mwalimu yeyote wa ngoma au zeze anayefundisha kwa mkono, au ngoma za asili husomwa kwenye kitabu tu? Mafunzo ya vitendo hufanyika katika shule za namna gani, zenye piano au zisizo na kitu? Na mtu akienda na wimbo wa manyanga aliojifunza kwa shangazi yake Igalula, kuna mtu hapo atakayeuandika, ataupangia sauti na kumwonyesha namna ya kuufundisha watoto arobaini? Maswali haya yanaweza kuulizwa kwa simu kwenye idara husika, na bora zaidi aulizwe mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Ningemshauri pia, kama nauli inapatikana, apitie Bagamoyo wiki ya tamasha kabla ya kuamua lolote, hata kama hatasoma huko. Aketi karibu na wapiga ilimba. Akiona vidole vyake vinatikisika vyenyewe, ana jambo la kumwambia baba yake.

Familia ya Zawose leo

Charles, mpwa aliyetarajiwa na wengi kuchukua nafasi ya mjomba wake, alifariki mwaka 2004, miezi michache tu baada yake. Ilikuwa pigo kubwa kwa familia na kwa muziki wa Ugogo. Msafiri, mtoto wa Hukwe, aliendelea na kazi ya baba kwa njia yake, akichanganya ilimba na vyombo vya umeme.

Halafu likatokea jambo ambalo pengine Hukwe hakulitegemea. Katika desturi ya ukoo, zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, na wanawake walipiga ngoma na kuitikia nyimbo nyuma. Mwaka 2024 kampuni ile ile ya Real World ilitoa albamu iitwayo Maisha, ya kundi la Zawose Queens. Wanaoongoza ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Wao ndio wanaoimba mbele, na vyombo walivyovishika ni vya mzee.